"Funga bomba" tunaambiwa sisi wa mfereji. Mwenye kisima chake anaambiwa nini?

#1 Mkamia Maji
Salaam wakuu.

Kila Machi ikifika Wiki ya Maji naona yale yale: tone la maji lenye macho linalochekelea, chini yake "Maji ni uhai, funga bomba baada ya kutumia". Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa uliipa tarehe 22 Machi mada ya maji ya chini ya ardhi. Nikasema haya, safari hii tutasikia jipya. Mtaani kwetu tulichopata ni tone lile lile, safari hii kwenye fulana.

Mimi nakaa Unguja, upande wa mashariki, kwenye maweni. Huku hakuna mto wa kuuita mto. Kisiwa kinakunywa cha chini: visima, mapango, chemchem. Siku hizi mtu akinunua kiwanja anachimba kisima kwanza, msingi baadaye. Hana mita, hana bili ya maji, ana umeme tu. Anawasha pampu, anakwenda zake dukani, tangi likifurika majirani ndio wanaompigia simu.

Hoja yangu ni hii: ujumbe wote wa kutunza maji umetungwa kwa ajili ya mtu wa bomba. Mwenye kisima anaamini kilicho chini ya kiwanja chake ni chake kama mnazi uliomo uani. Nani aliwahi kumwambia vinginevyo, na kwa maneno gani? Mngepewa nyinyi kazi ya kumwambia, mngesemaje?

#2 Dereva Boza
Nakaa siti ya mbele. Ila msiniharibie biashara.

#3 Fundi Pampu
Mkuu, hoja ni nzuri lakini unamdharau mwenye kisima. ANAJUA. Mimi nafunga pampu Dar, kuanzia Mbagala mpaka huko Kunduchi. Mtu wa karibu na bahari anajua maji yake yameingia chumvi kabla hata mimi sijafika: chai imekaa vibaya, heater ya kuogea imejaa ukoko, mchicha umekauka ncha. Anajua vizuri sana. Shida ni anachofanya baada ya kujua. Ananiita nishushe pampu chini zaidi. Ndiyo dawa pekee anayoijua, na mimi nalipwa kwa kushusha, silipwi kwa kutoa semina.

#4 Nungwi Kwetu
#3 na ukishusha, chumvi inapungua? Usikwepe swali.

#5 Fundi Pampu
Nyumba za karibu na bahari mara nyingi inazidi. Kuna sehemu nyingine nimeshusha na mtu akapata maji matamu mpaka leo. Ndiyo maana nikimwambia mteja "usishushe" ananijibu "mbona kwa fulani ulishusha?" Sasa hapo utabisha nini?

#6 Mtu wa Miamba
Nimesomea haya mambo, ngoja niweke sawa bila kuwachosha.

Kwenye kisiwa cha mawe ya matumbawe, maji ya mvua yanayozama yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kidogo. Kuna kanuni ya zaidi ya miaka mia moja ya Ghyben na Herzberg: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takriban mita 40 za maji baridi kabla hujafika kwenye chumvi. Raha tupu. Lakini igeuze: ukivuta mpaka usawa wa juu ukashuka nusu mita, mpaka wa chumvi chini unaelekea kupanda mita 20. Haupandi siku moja, unapanda polepole, na hapo hapo chini ya pampu huinuka haraka kuliko pembeni. Ndiyo sababu #5 akishusha pampu anaikaribisha chumvi mwenyewe.

Kwa hiyo anayesema "chimba zaidi upate maji safi" anaweza kuwa sahihi bara, ila anapotosha kwenye maweni.

#7 Mkamia Maji
#6 hiyo ya 1 kwa 40 mbona hatujawahi kuiona kwenye bango hata siku moja? Hiyo ingenishtua mimi.

#8 Mwalimu wa Zamu
Ingekushtua wewe. Mama yangu usawa wa bahari haumhusu, yeye anajua maji kupwa na maji kujaa. Kanuni mpelekee injinia.

Mimi nafundisha darasa la sita, nikawafanyia hivi. Maji ya bahari yana kloridi karibu miligramu 19,000 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema ikizidi kama 250 hivi watu huanza kuionja. Piga hesabu: inatosha kuchanganya asilimia moja na kitu. Yaani kwenye tangi la lita 1,000, lita 13 tu za bahari, ndoo haijajaa. Tukachukua ndoo ya lita 20 ya maji mazuri, tukatia robo lita ya maji ya bahari, kila mmoja akaonja. Wakakunja nyuso. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani hiyo robo haitoki?" Nikampa kikombe nikamwambia haya, itoe.

Wiki ile wazazi kadhaa walinisimamisha njiani kuniuliza kuhusu visima vyao. Bango halijawahi kunisimamishia mzazi.

#9 Mwana Kisauni
Mwalimu #8, watoto wako wa maji matamu hao. Njoo nao Mombasa uone kama watakunja nyuso. Sisi visima vya mtaa vina chumvi tangu twazaliwa: twaogea, twafulia, sabuni yakataa kutoa povu, na ya kunywa twanunua madumu kwa mkokoteni. Ushazoea, basi. Huyo mtu wa kumtisha na chumvi yuko wapi? Kwetu chumvi si hatari, ni bei ya dumu tu.

#10 Dereva Boza
#9 umenena. Bei ya dumu iheshimiwe.

#11 Mgogo Halisi
Nyie wa pwani mna bahati hamjui tu. Chumvi inawaonya mapema. Huku Dodoma hakuna chumvi ya kumwonya mtu, maji yanashuka kimya kimya.

Mji huu unakunywa visima vya Makutupora tangu enzi za mkoloni, na kina chake kinapimwa tangu miaka ya 1950, rekodi ndefu ambayo sehemu nyingi za Afrika hawana. Ile rekodi watafiti waliichambua na kuitoa 2013. Kilichoonekana: bonde halijazwi kidogo kidogo kila masika. Linakaa miaka likishuka, halafu inakuja mvua ya kichaa kama El Niño ya 1997/98, linajaa kwa mkupuo, kisha linaanza kushuka tena. Utafiti wa baadaye ukaonesha sehemu kubwa inaingia kupitia mito ya mchanga, ile inayotiririka siku chache kwa mwaka, Kinyasungwe Ndogo na wenzake.

Sasa nipeni ujumbe hapo. Unamwambia mwananchi "panda miti, maji yatarudi". Anapanda. Mvua ya kawaida inanyesha, kisima hakipandi. Mara ya pili ukija na miche atakutazama tu.

#12 Hesabu Kwanza
"Dodoma hakuna chumvi"? Mkuu nimeishi Area C, birika langu lilikuwa na ukoko mnene kuliko wali wa sherehe.

#13 Mgogo Halisi
#12 hiyo inatoka kwenye miamba, imekuwepo tangu babu zetu. Nazungumzia chumvi inayoongezeka kwa sababu ya kuvuta. Na birika ulikuwa huoshi.

#14 Hesabu Kwanza
Haya, birika nimeliacha. Turudi kwenye mada.

Mnapoteza muda na semina. Kitu kisicho na bei hakitunzwi, yameisha. Bara sheria ipo tangu 2009, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji: maji yote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na kuchimba kisima kirefu kunataka kibali. Ukiuliza mtaani kwangu wangapi wana kibali, utachekwa. Mwenye kisima gharama yake ni Luku tu, na akifunga sola hata hiyo Luku haipo. Sola imeua breki ya mwisho iliyokuwepo. Unategemea tone linalochekelea limzuie?

#15 Fundi Pampu
#14 kwenye sola umepiga penyewe. Zamani mtu alizima pampu kwa kuwa yuniti zinakata. Wa sola anaiacha kutwa, maji yakizidi anaosha gari, gari likitakata anamwagia barabara vumbi litulie. Nikimwambia weka swichi ya kuelea ijizime tangi likijaa, ananiambia naongeza bei.

#16 Shabiki wa Bomba
#14 na mnakumbuka kelele zilizopigwa tozo ya visima vya majumbani ilipotajwa? Watu wengi siku ya kwanza kusikia kwamba maji ya chini "ni ya umma" ndiyo siku hiyo hiyo waliyosikia wanatakiwa kulipa. Mambo mawili yakashikana. Sasa hata mtu akija na nia njema kuhesabu visima, mtaa mzima unafunika visima kwa mabati. Kwa mtazamo wangu tatizo si elimu wala bei, ni nani anayesema. Anayekukatia maji siku tatu kwa wiki hawezi kuja kukufundisha kuyatunza.

#17 Nungwi Kwetu
#16 ongeza na hili. Mwaka 2012 Tourism Concern ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu huku kwetu, Nungwi na Kiwengwa zikiwemo: mgeni wa hoteli alikuwa akitumia maji mara 16 ya mwenyeji, kwa wastani. Mara kumi na sita! Bwawa la kuogelea, majani ya kijani juu ya mawe, taulo kila siku. Halafu unaniletea mimi mwenye ndoo nne bango la kubana matumizi? Nitaning'iniza kwenye banda la kuku.

#18 Mpishi wa Hoteli
Tusihukumu kwa jumla. Hoteli kubwa kadhaa siku hizi zinachuja maji ya bahari zenyewe, na vyumbani kuna kadi ya kumwambia mgeni asibadilishe taulo.

#19 Nungwi Kwetu
#18 kadi ya taulo naijua, mke wangu ndiye anayezifua. Na hayo maji makali ya chumvi yanayobaki baada ya kuchuja mnayapeleka wapi? Nauliza tu.

#20 Mpishi wa Hoteli
Mimi niko jikoni kaka.

#21 Khatibu Msaidizi
Assalaam alaykum. Mmetaja serikali, bei na hoteli, msikiti mmeuruka.

Hadithi ya kutofanya israfu ya maji katika udhu hata ukiwa kwenye mto unaotiririka kila mtu anaijua, na tunaisoma. Pemba, kwenye kisiwa cha Misali, mafunzo ya dini yalitumika kuzungumza na wavuvi kuhusu kutunza bahari, na wapo waliosikia kwa njia hiyo ambao hawakusikia kwa njia ya askari wa doria. Kwa hiyo mimbari ina nguvu.

Lakini nitawaambia ugumu ambao hamuusemi. Kisima ni sadakatu jaria, sadaka ambayo thawabu zake zinaendelea hata mtu akishakufa. Mtu amefiwa na mzazi, anatuma pesa kutoka nje, kisima kinachimbwa na kibao cha marehemu kinawekwa. Kwetu vimefika vitatu ndani ya mita mia moja. Mimi nisimame Ijumaa niseme visima vimezidi? Nitaambiwa nazuia kheri za watu na thawabu za maiti. Nimejaribu kwa upole kumwomba mfadhili ajenge tangi la kuvuna mvua ya paa la madrasa badala yake. Akaniuliza, "Tangi nalo lina thawabu?" Nikamwambia maji ni maji. Hakuridhika, akachimba.

#22 Mwana Kisauni
#21 sheikh, misikiti ya kale ya pwani ilikuwa na birika la maji, tena la kujengwa. Mwambie huyo mfadhili arudishe sunna ya wazee, asikie kama ni ya zamani labda ataipenda.

#23 Mtoto wa Seeb
Nimezaliwa Unguja, nakaa Oman. Niwape ya huku.

Pwani ya Batinah ilikuwa mashamba ya mitende na ndimu. Pampu za mashine zilipoenea, kila shamba likavuta linavyotaka, bahari ikaingia. Mashamba ya karibu na ufukwe yakafa, ukipita unaona vigogo vya mitende vimesimama bila vichwa. Serikali ikasajili visima na kuzuia kuchimba vipya ovyo, lakini chumvi iliyokwishaingia haisikii amri.

Ajabu ni kwamba watu hao hao wana falaj, mifereji ya kale inayoteremsha maji kutoka chini ya milima, UNESCO iliiorodhesha mitano mwaka 2006. Kwenye falaj maji yanagawanywa kwa muda: wewe zamu yako imeanza, ya mwenzako imekwisha, na zamani walipima kwa kivuli cha jua mchana na nyota usiku. Ukiiba nusu saa kijiji kizima kinajua. Watu ni hao hao, dini ni hiyo hiyo. Kwenye falaj wana adabu, kwenye kisima hawana. Kwa hiyo #16 sikubaliani nawe kwamba ni suala la nani anayesema. Ni kwamba kisima hakina zamu na hakuna anayemwona mwenzake akichota.

#24 Mbeba Begi
#23 inanikumbusha Cape Town, nilikuwa huko 2018 wakati wa ile hofu ya siku mifereji itakapokauka. Kuanzia 1 Februari ilikuwa lita 50 kwa mtu kwa siku, na kiwango cha mabwawa kilitangazwa kila wiki kama matokeo ya mpira. Watu waliimudu, sifa zao. Lakini wenye visima walitakiwa kuweka kibao getini kwamba hapa yanatumika maji ya kisima. Mimi nilikisoma kile kibao kama "msinitazame vibaya, haya si ya jiji". Kwa hiyo hata kwenye kampeni iliyosifiwa dunia nzima, mwenye kisima alijiona hahusiki.

#25 Mtu wa Miamba
#23 na #24 mmenisaidia. Basi kinachotakiwa ni kukionesha kina. Andhra Pradesh, India, miaka ya 2000 wakulima walifundishwa kupima wenyewe kina cha visima na mvua, wanaandika ukutani kijijini, kisha msimu ukikaribia wanakaa kupanga mazao kulingana na maji yaliyopo. Hakuna aliyewapiga faini. Shehia moja ikichagua visima vitano, ikapima kila mwezi kina na chumvi, ikaandika kwenye ubao nje ya ofisi ya sheha, mtu atasoma akienda kuchukua barua.

#26 Hesabu Kwanza
#25 na atakaposoma kwamba kina kinashuka atafanya nini? Atakimbia kwa #3 kushusha pampu kabla jirani hajashusha! Ukimwonesha mtu kwamba akiba ya wote inaisha na hakuna anayemzuia yeyote, umempigia filimbi ya kuanza mbio. Hao wa India walikuwa na msimu wa kupangia na mazao ya kubadilisha. Mtu wa Kiwengwa abadilishe nini, aache kuoga?

#27 Mtu wa Miamba
Hilo sikatai. Lakini sasa hivi mbio zinakimbiwa tayari, ila gizani.

#28 Hesabu Kwanza
Gizani watu hukimbia polepole.

#29 Kivukoni Kila Siku
Mnatisha watu bure. Novemba 2022, Dar ikiwa kwenye mgao kwa sababu mto Ruvu umepungua, Rais Samia alizindua mradi wa visima Kigamboni, lita milioni 70 kwa siku. Visima vya mamia ya mita, karibu kabisa na bahari, maji baridi. Sasa nyie mnasema chini ni chumvi.

#30 Mtu wa Miamba
#29 soma #6 mstari wa mwisho. Kule Kimbiji, Kigamboni, ni matabaka mazito ya mchanga yenye udongo wa mfinyanzi juu yake, hayafanani na maweni ya Unguja. Na hata hivyo mtu wa Kigamboni mwenye kisima cha mita 30 uani havuti kutoka kule, anavuta tabaka la juu, lile linalopokea uchafu wa karo, shimo la maji taka, la jirani. Ndiyo tabu ya ujumbe mmoja kwa nchi nzima.

#31 Mwalimu wa Zamu
#30 umetaja karo. Wazazi niliowasema #8, nusu yao hawakuniuliza chumvi kabisa. Waliniuliza umbali wa karo na kisima. "Chemsha maji" kila mtu anaikumbuka kwa sababu kipindupindu kimepita majumbani mwao. Huenda anayetaka kuzungumza na mwenye kisima aingilie mlango wa afya, kisha taratibu afike kwenye kiasi.

#32 Shabiki wa Bomba
#31 halafu mwenye kisima akishaogopa karo, ataacha kunywa ya kisima, ataendelea kumwagilia bustani. Kiasi hakijapungua hata lita.

#33 Mkamia Maji
Wakuu nawasoma wote. Nimezungumza na sheha kuhusu ubao wa #25, amesema hana neno, ila ubao autoe nani na apime nani. Mtu wa Miamba, sie tusio na vifaa tunapimaje kina?

#34 Mtu wa Miamba
Kamba isiyovutika, funga mafundo kila nusu mita, mwisho weka kichuma kizito chenye tundu chini, kikigusa maji utasikia kinalia. Kisafishe kwa dawa ya klorini kabla ya kukiingiza. Pima asubuhi kabla pampu yoyote ya karibu haijawashwa, na iwe saa ile ile, maana huko kwenu karibu na ufukwe kina hupanda na kushuka na bahari. Chumvi kuna kipimo kidogo kama kalamu, kinasoma jinsi maji yanavyopitisha umeme.

#35 Bustani Kitunda
Mimi mgeni humu. Nataka kupima cha kwangu, lakini fundi alikichomelea kifuniko chote, hakuna hata tundu la kupitisha kamba. Nifanyeje?

#36 Fundi Pampu
#35 nani huyo aliyekuchomelea? Tundu la kupimia huachwa siku zote, na plagi yake juu. Hao ndio wanaotuharibia kazi.

#37 Bustani Kitunda
Kwenye kifuniko kaandika kwa rangi nyekundu FUNDI PAMPU na namba ya simu.

#38 Dereva Boza
😂😂😂

#39 Fundi Pampu
Hiyo ni ya kijana wangu. Njoo inbox.